Picha ya Kwenda Nayo Misheni

Wanawake wa Kasese hupigiwa picha Bwera, na wanawake wa Bwera hupigiwa Kasese. Ndivyo kazi yetu ya picha za chumbani ilivyo, na asiyeielewa aulize. Hakuna mwanamke anayetaka jirani amwone akiingia kwa Lanyero mpiga picha na mfuko wenye shuka jipya na shanga za kiunoni, kwa hiyo anapanda gari, anavuka mbuga, anavua viatu vyake mahali asipojulikana. Kuna siku mwalimu wa Bwera na muuza vitenge wa Kasese walipishana Kikorongo, magari yao yamesimama yakisubiri ndovu wavuke, kila mmoja anaukimbia mji wake kuja kwetu. Waliponisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ndiyo maana Lanyero ana vyumba viwili, kimoja kila mji, na vitanda vinavyofanana. Nje ya vyote ameandika PICHA ZA PASPOTI kwa rangi nyekundu, ili wenye macho marefu wapite na njia yao. Miaka yote niliyokaa naye, nikiwapaka wateja poda na kuwatengeneza nywele, hakuwahi kuingia hata mtu mmoja kutaka picha ya paspoti. Mimi ni Ramula, mzaliwa wa Bwera, na ukiona nimenyamaza jua ninaumwa.

Lanyero mwenyewe ni Mwacholi aliyezaliwa kambini. Baba yake alikuwa sajenti, akihamishwa familia inahama, na hivyo ndivyo walivyofika huku kwetu chini ya milima. Kiswahili chake ni cha kambi, kifupi, hakijui tafadhali. Mteja akijikunja kwa aibu anaambiwa, "Tulia. Bega chini. Pumua." Na mteja anatulia, anashusha bega, anapumua. Mimi ningesema vile ningepigwa kibao. Namwita Afande kwa utani, naye huitika bila kucheka.

Kazi hii alijifunza kwa picha moja ya mama yake. Sajenti alipokuwa mbali vitani, mama yule alimwita mpiga picha wa kutembeza kamera aje kwenye kijumba cha mabati walichopewa. Hakukuwa na kiti. Kambini kitanda ndicho kiti, ndicho meza, ndicho kabati, na nguo hupigwa pasi juu yake. Basi mama akakaa kitandani na gauni lake la Jumapili, miguu ameikunja upande, akaitazama kamera kama mtu aliyeuliza swali na anangoja ajibiwe. Sajenti alitembea na picha ile katika mfuko wa kifuani, ameifunga kwa nailoni. Ilirudi pamoja naye, kona zimelika, rangi imekimbia kwa jasho. Lanyero anayo mpaka leo. Anasema mama hakuvua hata kiatu, na bado hajaona picha ya chumbani ya kuishinda ile.

Alipoanza, wateja wake wote walikuwa wake wa askari. Picha ilikuwa ya bwana tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimwuliza mama anataka akae vipi, atakwambia, "Bwana yangu anapenda hivi." Wengine walikuja na shati la kombati la mume, wanataka walivae bila kitu kingine, na hapo Lanyero aligeuka sajenti kabisa. "Raia kuvaa kombati ni kesi. Vua." Na mama wa watu anavua, anajifunika shuka, picha inatoka nzuri kuliko aliyoitaka.

Kisha simu zikaingia kila mfuko. Picha ikawa inaruka hadi Mogadishu, waliko askari wetu, kabla poda haijakauka usoni, nasi tukadhani hayo ndiyo maendeleo. Picha ya mteja wetu mmoja, simtaji, ilitoka kwenye simu ya mumewe ikaenda kwa rafiki, ikatoka kwa rafiki ikazunguka kambi nzima, mwisho ikafika sokoni. Mama yule alifunga virago, mpaka leo hatujui aliko. Siku zile nilimwona Lanyero akilia, na sitaki kumwona tena.

Aliporudi kazini alirudi na sheria. Picha inatoka karatasi moja tu, anapewa mwenye sura yake. Kamera inafutwa mbele ya macho yake. Na kabla ya hayo yote, kamera hainyanyuliwi mpaka mtu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anataka. Nilimwambia kwa sheria hizi tutakufa njaa.

Badala yake wateja waliongezeka, na walikuwa wa namna nyingine. Akaja mama mkulima wa Maliba mwenye wajukuu. Akaja mama wa mapacha aliyekataa nimpake poda tumboni, anataka mistari ya uzazi ionekane yote. Akaja mwalimu aliyestaafu, mama mkavu kama chaki, akavaa shanga zake za usichana akanyoosha shingo kama twiga. Nilishindwa kujizuia nikamwuliza, "Mama, hii utamupelekea nani?"

"Nimpelekee nani?" akaniuliza. "Nitaiweka chini ya godoro yangu. Siku nikijisahau, nitafunua."

Niliipenda kazi yangu siku ile kuliko siku zote. Nikadhani tumeshafika mwisho wa mambo, kwamba hakuna jipya litakaloingia mlango ule. Ndipo akaingia askari.

Nilikuwa nafagia chumba cha Bwera. Niliona buti kwanza, kisha kombati iliyonyooka, mikunjo yake inaweza kukata nyanya. "Afande, tumekwisha," nilimwambia Lanyero kwa sauti ndogo. "Mujeshi iko ku mulango."

Askari alikuwa mwanamke, mrefu, ana sauti tulivu. "Naitwa Koplo Musimenta," alisema. "Nasikia munapiga picha ya chumbani."

"Kibao inasema paspoti," Lanyero akamjibu.

"Kibao nimeona. Wake wa wenzangu wameniambia ingine." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mkononi. "Mimi sitaki yangu. Nataka ya bwana yangu."

Ufagio uliniponyoka. Lanyero alimtazama, akanitazama mimi, akafunga mlango.

Musimenta akaeleza. Jumatatu anaondoka kwenda misheni Somalia. "Wenzangu wanaume kila mutu anabeba picha ya bibi yake," alisema. "Mimi nibebe nini?" Mume wake anaitwa Karuhanga, analima mpunga Mubuku katika shamba la kukodi, na kanisani anaimba sauti ya chini. Wanaishi Rukoki, upande wa Kasese, na binti yao, Ahumuza. Ni mtu mwema, na hawajagombana kwa neno hata moja. Shida ilikuwa hiyo hiyo, neno.

Wote wawili ni Watooro, na Mtooro ana empaako, jina la heshima na mapenzi analopewa utotoni. Musimenta ni Akiiki. Karuhanga ni Amooti. Mtu anayekupenda hakuiti kwa jina lingine, na mtu aliyekukasirikia humsikii akilitamka.

"Tangu nimuambie safari, hajaniita Akiiki," alisema. "Ananiita Musimenta, kama mutu anaita majina kwa paredi. Mimi pia namuita Baba Ahumuza. Tunaishi kama maofisa wawili." Alizungusha kofia. "Akikubali hii picha, nitajua amekubali niende. Akikataa, nitaenda, amri ni amri, lakini nitaenda bila yeye."

"Mulete Ijumaa," Lanyero akasema. "Na umuambie ukweli. Hapa hatupigi mutu kwa ujanja."

"Ndiyo, afande," akajibu koplo, na akatoka.

Sikulala vizuri kwa furaha. Mwanamume kwenye kitanda chetu! Nilifua mashuka, nikatoa yale ya maua nikaweka ya bluu, nikawaza kama nimpake mafuta mabegani au nimwache alivyo. Lanyero alijifanya mtulivu, lakini nilimkuta mara mbili akitazama picha ya mama yake, na lenzi aliifuta mpaka nikaihurumia.

Ijumaa ikafika, siku ya soko la Mpondwe mpakani, barabara imejaa ndizi na Wakongo. Akaingia mwanamume mpana, amenyolewa kichwa mpaka kinang'aa, koti la kwaya, tai shingoni imebanwa vizuri. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtoto siku ya Idi. Akakaa kitandani wima, mikono juu ya magoti.

"Madamu, nimekuja ya picha," alimwambia Lanyero. "Bibi yangu alisema tu, nenda Bwera kwa Lanyero, upigwe. Nimenyoa asubuhi. Masikio inaonekana?"

Masikio. Hayo hutakiwa kwenye picha ya paspoti. Nilielewa kabla ya Lanyero. Koplo mzima, mwenye bunduki, aliogopa kumwambia mumewe ukweli, na mume akasoma kibao cha nje.

"Nilikuwa nafikiri ameniacha," Karuhanga akaendelea, na alicheka kidogo, kama mtu anayejicheka. "Alikubali safari kule kazini, mimi nikasikia mwisho. Nikasema, basi, huyu ameshaenda. Kumbe ananitafutia paspoti. Kumbe anataka nimufuate."

Nilimwangalia Lanyero. Sura yake ilikuwa imekauka. Alifungua mdomo kusema, lakini Karuhanga tayari alikuwa anajikagua kwenye kioo.

"Hii shati imekunjana na safari," alisema. "Siwezi kupigwa hivi. Serikali itafikiri sina bibi. Muko na pasi?"

Nilikimbia kwa fundi cherehani jirani, nikarudi na pasi ya mkaa ikiwa moto. Karuhanga alikuwa ameshavua koti, tai na shati. Alikunja blanketi letu mara mbili akalitandaza juu ya kitanda, bila kuuliza. "Kwetu chumba ni moja, hakuna meza," alisema. "Kila asubuhi napiga hapo hapo. Naanza na kombati yake. Yangu mwisho." Akanyunyiza maji kwa vidole, akainama.

Sasa sikilizeni. Mtu yule kwenye koti la kwaya alikuwa gunia. Bila koti alikuwa kitu kingine. Mabega ya kufungulia maji mifereji ya Mubuku, mgongo unaofanya kazi bila haraka, mwanga wa dirisha umemshika ubavuni, na chini kwa chini anaimba sauti yake ya bezi. Aliupiga pasi ukosi wa shati lile kwa upole ambao mimi sijawahi kufanyiwa na mwanamume yeyote, na nimeolewa mara mbili. Ndipo nikajua ile mikunjo ya koplo inayokata nyanya ilitoka mkono gani.

Lanyero aliinua kamera. Kisha akaishusha.

"Piga!" nilimnong'oneza, nikamfinya mkono. "Afande, piga, itapotea."

"Hajaitika," alisema. "Hajasema anataka."

Nilitaka kulia kwa hasira. Picha ilikuwa pale, imejileta yenyewe, na yeye ananiletea sheria. Lanyero akaweka kamera juu ya kiti akasogea karibu na kitanda.

"Baba Ahumuza," alisema, "hii si ya paspoti. Hapa hatujawahi kupiga ya paspoti. Bibi yako anataka picha yako ya chumbani, abebe kwa mfuko wa kifua. Tulimuambia akuambie. Naona hakuweza."

Pasi ilisimama. Karuhanga hakugeuka. Nilinusa kitambaa kikianza kuungua, naye pia alinusa, akaiinua pasi akaisimamisha pembeni kwa uangalifu.

"Kwa hiyo hakuna paspoti," alisema.

"Hakuna."

"Hanitaki nimufuate."

"Hiyo sijui. Najua aliogopa utakataa. Alisema ukikataa picha, umekataa safari."

Akakaa juu ya kitanda, kifua wazi, na furaha yote aliyoingia nayo ilikuwa imemtoka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilijiandaa kwa mshindo. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

"Mimi sikukataa safari. Angeniuliza, ningeitika. Alikuja na jibu tayari. Na hii picha pia, nyinyi wote munajua, mwenye sura anajua mwisho." Akalishika shati lake. "Nirudi nyumbani."

Nililiona shati likienda begani. Nilimfikiria koplo Jumatatu katika lori, wenzake wote wakipapasa mifuko ya vifua, yeye ana kitambulisho tu.

Lanyero hakumzuia. Alitoa simu, akabonyeza, akamnyooshea. "Basi aulize sasa," alisema. "Mimi nitatoka nje, Ramula atatoka."

"Kaeni," Karuhanga akasema. "Nyinyi ni mashahidi." Akaweka simu kitandani, sauti imefunguliwa.

"Musimenta hapa," simu ikasema, kikazi.

"Ni mimi. Niko Bwera."

Nyuma ya sauti yake tulisikia watu wakipakia vitu, mmoja akihesabu masanduku.

"Baba Ahumuza," alisema mwisho. "Wamekuambia."

"Wameniambia. Sasa wewe niambie. Unataka nini?"

"Picha yako."

"Ya nini?"

"Ya kwenda nayo."

Karuhanga alingoja. Mimi nilikuwa nimeng'ata kitambaa changu cha kichwa. Nadhani Musimenta alisogea mbali na wenzake, maana kelele zilipungua. Aliporudi hakuwa koplo tena.

"Ilikuwa nikuulize kwanza," alisema. "Safari pia. Nilijua utaitika, ndiyo maana niliogopa. Mutu akikuitikia, unabeba uzito yake." Akavuta pumzi. "Amooti, naomba."

Karuhanga alifumba macho. Aliyafumbua akaitazama simu, akasema "Sawa," hilo tu, akaizima. Sikuelewa kama ni sawa ya ndiyo au ya kwaheri mpaka alipolivua shati tena.

"Madamu," alimwambia Lanyero, "mimi naitika. Nifanye nini?"

Lanyero alikwishashika kamera. "Maliza kupiga pasi."

Lakini mkaa ulikuwa umeanza kufa. Karuhanga akafanya anachofanya kila mwenye pasi ya mkaa. Alisimama kando ya kitanda, akaishika mpini, akaanza kuibembeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka makaa yakaamka na cheche zikaruka kwenye vitundu. Mkono wote uliamka nao, na bega, na shingo. Hapo akakumbuka jambo, sijui jambo gani, akatabasamu upande mmoja. Kamera ikalia, ikalia tena, Lanyero amepiga magoti, amepanda kiti, amelala sakafuni, anatoa amri zake fupi, "Bembeza. Hivyo. Usinitazame mimi, tazama shati," na mimi nimeinua kioo kurudisha mwanga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile Afande wangu aliinama kweli kweli.

Tulichagua moja. Ilipotoka kwenye printa, sote watatu tuliiinamia. Alikuwa ameinamia kitanda, pasi inamulika chini ya kidevu chake, ukosi wa shati umelala kwenye kiganja chake. Hakuna kilichoonekana ambacho pasta asingekiona mtoni siku ya ubatizo, na hata hivyo nilijisikia nimefungua mlango wa watu bila hodi. Lanyero akafuta kamera, Karuhanga akishuhudia.

"Mumupe nyinyi," alisema. "Mimi nikimupa atacheka, nitakimbia."

Kisha akavaa shati, sasa limenyooka. Akafunga tai, akavaa koti, akakaa kitandani wima, mikono juu ya magoti, masikio nje.

"Sasa piga ile ingine," alisema.

"Ingine gani?" Lanyero akauliza.

"Ya paspoti. Kibao inasema munapiga."

Tukatundika shuka jeupe ukutani, Lanyero akapiga, na printa ikatoa vipicha vidogo vya mtu aliyekaza uso kama anaapishwa mahakamani. Tangu Ijumaa ile kibao chetu hakisemi uongo.

Jumapili Musimenta, ambaye tangu Ijumaa hakuwa ametoka kambini, alikuja kwenye chumba cha Kasese, safari hii amevaa gauni. Nilimpa bahasha. Aliitoa picha ya pasi, akaitazama, akageukia ukuta. Mabega yalimtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, cheko la tumboni ambalo sikudhani askari wanaruhusiwa. Vile vipicha vidogo vikaanguka sakafuni. Akaviokota.

"Na hii ni ya nini?"

"Aliomba mwenyewe," nilimwambia. "Alisema, siku Akiiki ataniita, nisikose picha."

Cheko lilimwisha. "Alisema nani atamuita?"

"Akiiki."

"Rudia, dada Ramula."

"Akiiki," nilisema. "Alisema Akiiki."

Alikaa kwenye kitanda chetu, mahali wanawake wote hukaa kabla hawajavua viatu, na akaniomba kipande cha nailoni. Nilimkatia kikubwa. Aliweka picha zote mbili pamoja, uso kwa uso, akazifunga, akaanza kunisimulia namna Amooti anavyoimba akipiga pasi, na mimi, ambaye sinyamazi, nilinyamaza nikamsikiliza.